Kurudi Majini Ukubwani

Nasema nanyi mlio Kasese mjini na mlio Bwera mpakani, na hususan nyinyi wa mwalo wa Kasenyi ambao saa hii mnazikagua nyavu zenu, kwa kuwa usiku wa watu wengine ndio mchana wa kazi yenu.

Katika wilaya yetu hii ni muhali mtu kusafiri nusu ya siku asikutane na maji. Mto Mubuku na Mto Nyamwamba inashuka kutoka milima ya Rwenzori hadi bondeni. Lhubiriha unapita baina yetu na ndugu zetu wa Kongo pale Mpondwe. Ziwa George linapokea mito ya milimani na kuyatoa maji yake kwa Mfereji wa Kazinga, nao unayafikisha Ziwa Edward. Na volkano zilizonyamaza zamani zimetuachia mashimo yaliyojaa maji, mengine matamu na mengine ya chumvi, kama yale ya Katwe na Bunyampaka. Lakini juu ya neema hiyo yote, simama sokoni Bwera siku ya gulio, uwaulize watu wazima wapitao kama wajua kuogelea, na aghalabu utajibiwa kwa kicheko, au kwa swali la kwamba wewe ni mtu wa wapi.

Miongoni mwa hao wanaocheka wamo watu wa aina ya pekee, na habari zao ndizo nilizokusudia jioni hii. Hawa waliwahi kujifunza. Mmoja alisoma shule ya bweni iliyokuwa na bwawa. Mwingine alikulia Entebbe au Jinja, akafundishwa na kaka zake kando ya Ziwa Viktoria. Wa tatu alifika hadi kuvuka upana wa bwawa kwa pumzi moja, na mwalimu akamsifu mbele ya wenziwe. Kisha dunia ikawaita. Ikaja kazi, ikaja ndoa, ikaja karo ya watoto, shamba la kahawa na kitambi. Miaka ikapita juu ya miaka, na elimu ile ikalala ndani yao bila ya kuondoka. Siku moja, ama kwa sababu daktari amewaonya juu ya magoti au shinikizo la damu, ama kwa sababu mtoto wa mwisho amerudi kutoka matembezi ya shule akitaka kufundishwa na babake, wanaazimia kurudi majini wakiwa na miaka arubaini au hamsini, na kushika masomo upya chini ya mwalimu ambaye huenda ni rika la kifungua mimba wao. Mimi ni mmoja wao, kwa hiyo nisemayo si ya kusimuliwa tu.

Jambo la kwanza linalomkabili mtu huyo, kabla ya maji, ni macho ya watu. Bwawa la hoteli mjini Kasese, Jumapili alasiri, limejaa watoto upande wa maji machache, na kandoni vijana wameketi na soda zao. Hapo ndipo bwana mzima, ambaye ofisini huitwa mzee na kanisani hupewa kiti cha mbele, anapotokea amevaa bukta, tumbo wazi, akashika ukingo na kushuka ngazi kinyumenyume. Kwa desturi zetu mtu mzima ni wa kufundisha. Amezoea kutoa amri na kutiiwa, ilhali sasa anaamriwa yeye apulize viputo vya hewa ndani ya maji mbele ya watoto wa jirani. Nimewaona watu wenye moyo wa kuvuka mto uliofurika wakashindwa na fedheha hiyo ndogo, wakavaa nguo zao wakaenda zao. Wahenga walituachia kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyakoga, lakini hawakutwambia kuwa kwa mtu wa makamo kule kuvua ndiko kuzito kuliko kukoga. Tadbiri niliyoiona kufaa haihitaji ushujaa wowote: nenda katikati ya juma, asubuhi, wakati watoto wako shuleni na mtunza bwawa peke yake ndiye anayeokota majani kwa wavu wake. Mbele ya mtu mmoja mwenye shughuli zake, haya hukosa pa kushika.

Kwa akina mama kizuizi ni kikubwa zaidi, maana kwao haya si ya kujifunza ukubwani tu, ni ya mavazi pia na ya nani anayefundisha. Huko Nungwi, kaskazini ya kisiwa cha Unguja, mahali ambapo bahari iko mlangoni na wanawake wengi walikuwa hawajapata kuogelea, ulianza mwaka 2011 mradi uitwao Panje, na wasichana wakapewa mavazi ya kuogelea yanayositiri mwili mzima, wakafundishwa na wanawake wenzao, na baadhi ya waliofundishwa wakawa walimu. Hawakuondoa staha, waliivisha vazi linalofaa maji, na hoja ya wazee, kwamba kuogelea huvunja staha, ikapungua nguvu. Wala hoja hiyo haikuwa na msingi mkubwa tangu asili, kwani katika mapokeo ya Kiislamu inanasibishwa kwa Sayyidna Umar bin Khattab nasaha ya kuwafundisha watoto kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi.

Basi tuchukulie kuwa haya imewekwa mahali pake, na mwanafunzi wetu amesimama maji yakimfika kifuani. Hapo hutokea jambo la ajabu, nalo ndilo linalomtenga anayerudi na anayeanza. Mikono yake inakumbuka. Maarifa ya viungo hukaa katika ubongo kwa namna isiyohitaji maneno, wala hayafutiki upesi. Mtu hujitupa mbele, mkono wa kulia ukaenda, wa kushoto ukafuata, miguu ikapiga, naye akasonga kwa hatua kadhaa kwa furaha isiyo kifani, akidhani kuwa miaka yote ile ilikuwa ni usingizi wa mchana. Halafu ghafula kifua kinambana, macho yanamtoka, anasimama akikohoa na kushika ukingo. Viungo vimekumbuka kila kitu isipokuwa kupumua.

Na sababu yake yafaa ielezwe, kwa maana wengi huifasiri kinyume. Mtu mwenye hofu, uso wake ukigusa maji, huziba pumzi. Hewa aliyoivuta anaibana kifuani, na ile hewa chafu ambayo mwili huizalisha kila dakika, wataalamu wakaiita kabonidayoksaidi, inazidi kurundikana katika damu. Na ni kuzidi kwake huko, kuliko kupungua kwa hewa njema, kunakopiga kengele ubongoni kwamba tunakufa. Hatufi. Oksijeni bado ipo ya kutosha kwa muda, lakini kengele hiyo haina subira, na mtu huinua kichwa kutafuta hewa mpya ilhali hajaitoa ile ya zamani, asipate nafasi ya kuiweka. Ndiyo maana mwalimu yule kijana anamwamuru mzee apulize viputo. Kutoa pumzi taratibu majini, kwa pua au kwa mdomo, hata kabla ya kufikiri juu ya kuvuta, ndiyo nusu ya elimu ya kuogelea. Na mtu mzima aliyeacha masomo kwa miaka mingi aghalabu huidharau nusu hiyo kwa sababu anaiona ya kitoto, akataka aonyeshwe mtindo huru kama wa mashindano.

Nusu nyingine iko katika kichwa, na hapa nakusudia kichwa cha nyama na mifupa. Mwili wa binadamu majini ni mizani ambayo nguzo yake iko kifuani, penye mapafu yaliyojaa hewa: ukiinua upande mmoja, upande wa pili hushuka. Anayeinua kichwa ili aone mbele, kama azoeavyo kufanya mwenye umri aliyekwisha kuangukia mashimo mengi ya dunia, hushusha miguu yake bila kujua, mwili ukakaa mshazari, na kila pigo la mkono likawa la kusukuma ukuta wa maji. Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, na ukinzani wake haukui kwa hesabu ya kawaida. Ukiongeza mwendo wako maradufu, ukinzani huongezeka mara nne. Kwa sababu hiyo yule anayepigana na maji kwa pupa huishiwa nguvu katikati ya bwawa, huku mama mmoja mnene, mwenye mapigo ya uvivu na uso uliolala majini, akimpita kwa upole pasipo kumtazama.

Naongeza habari ya vifundo vya miguu, maana haitajwi na yastahili kutajwa. Miaka ya kuvaa viatu na kuketi vitini hukaza vifundo. Na mguu uliokaza, vidole vikielekea chini ya bwawa, hausukumi mwili mbele hata ukipigwa kwa bidii. Kuvilegeza nyumbani, kwa kukalia visigino polepole, kuna faida kuliko kuongeza nguvu za mapaja.

Kwa maoni yangu, na najua wako walimu watakaonipinga, mtu mzima anayerudi asianze na mtindo huru hata kama ndio aliouacha. Aanze chali. Alale mgongoni, masikio yazame, macho yaitazame anga, mapafu yajae, mikono ilegee kandoni. Akae hivyo hadi asadiki kwa mwili wake, na si kwa kuambiwa, kwamba maji yanambeba. Wapo waliokonda ambao miguu yao itashuka kidogo, na wapo wanene ambao wataelea kwa urahisi unaowatia kicheko. Katika shule hii kitambi hakiadhibiwi. Maji ya chumvi hubeba zaidi kuliko maji matamu, na katika ziwa la Katwe mtu angeelea pasipo elimu yoyote, lakini wachimba chumvi wanaosimama ndani yake kutwa watakwambia yanavyoifanya ngozi, kwa hiyo elimu hiyo ya bure tusiitamani.

Wasikilizaji, siwezi kuzungumza juu ya watu wazima waliojifunza kuogelea nikamwacha Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta. Huyu alianza kuogelea miezi michache tu kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000, akifanyia mazoezi katika bwawa dogo la hoteli mjini Malabo, na kabla ya kufika Australia alikuwa hajapata kuliona bwawa la mita 50. Alipangwa na wenzake wawili katika mita 100 mtindo huru. Wenzake wakaondoka kabla ya ishara wakatolewa, naye akaachiwa maji yote peke yake mbele ya maelfu ya watu. Aliogelea mita zile kwa dakika 1 na sekunde 52.72, mwishoni akionekana karibu ya kuzama, na watazamaji walisimama wote kumshangilia. Magazeti mengi yalimcheka kwa upendo, na nadhani yalikosea pa kutazama. Alikuwa na miaka 22, mwili wenye nguvu, na bado mita hamsini za pili zilikuwa ni mateso. Hapo ndipo panapoonekana tofauti ya nguvu na maarifa. Miaka baadaye akawa mwalimu wa timu ya taifa lake.

Nataka pia nigusie kauli moja inayovuma katika nchi zetu na katika nchi za mbali, isemayo kwamba Mwafrika hakuumbwa kwa ajili ya maji, mifupa yake ni mizito, na upuuzi mwingine wa namna hiyo. Mholanzi Pieter de Marees, aliyechapisha kitabu chake juu ya pwani ya Ghana ya leo mwaka 1602, aliwasifu wenyeji wa huko kwa wepesi wa kuogelea na kupiga mbizi, katika zama ambazo mabaharia wengi wa Ulaya walikuwa hawajui kuogelea kabisa. Na hapa kwetu Uganda, Husnah Kukundakwe, aliyezaliwa bila ya sehemu ya mkono wa kulia chini ya kiwiko, aliiwakilisha nchi katika Michezo ya Walemavu ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, akiwa na miaka 14. Baada ya hayo sioni haja ya kujadili mifupa.

Sasa nirudi Kasenyi, maana huko ndiko habari hii inakoacha kuwa ya magoti na shinikizo la damu.

Ziwa George linajulikana kwa wataalamu kuliko maziwa mengi ya Afrika. Katika miaka ya 1950 palikuwa na kiwanda cha samaki cha TUFMAC mwaloni Kasenyi, kikitayarisha minofu ya ngege kwa masoko ya mbali. Na mwishoni mwa miaka ya 1960 wanasayansi kutoka Uingereza walikaa hapo kulichunguza ziwa, wakapima joto lake, mwani wake na samaki wake. Lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 250, na kina chake cha wastani ni takriban mita 2.4. Sikilizeni vizuri kipimo hicho. Mtu mrefu akisimama chini akanyoosha mkono, ncha za vidole vyake zitakaribia uso wa maji. Hicho ni kina cha bwawa la hoteli upande wake wa mwisho. Lakini chini ya ziwa hakuna saruji, kuna tope laini lisilotoa mahali pa kukanyaga, na maji yenyewe ni ya kijani kwa wingi wa mwani, jicho lisione mbali. Mvuvi aliyeanguka usiku kutoka mtumbwini haulizi ziwa ni la kina gani, kwani mita mbili na nusu zamtosha kama zitoshavyo mia.

Wala hatuwezi kumwambia aende akajifunzie hapo hapo. Viboko wamo, na kiboko aliyeshtuliwa hupindua mtumbwi pamoja na watu wake, mamba wamo, na mahali pa kuogea penye usalama leo huenda kesho pakawa na mwenyewe. Mwalo umezungukwa na Hifadhi ya Queen Elizabeth, ambayo wanyama wake hawakutia saini mapatano ya kutuachia ufuo. Hivyo tumefika kwenye hali isiyo na insafu: wale ambao kila usiku hukaa juu ya maji ndio wasio na mahali pa kujifunzia, na mabwawa safi, la hoteli ya Mweya kule juu ya Mfereji wa Kazinga na yale ya mahoteli ya Kasese, yamejengwa kwa ajili ya wageni ambao wengi wao walikwisha kujua kuogelea tangu utoto.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu kama 300,000 walikufa maji duniani, na mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ukaitenga tarehe 25 Julai iwe siku ya kukumbusha jambo hili. Sisi hatuhitaji takwimu za mbali. Siku ya Krismasi ya mwaka 2016 mashua iliyobeba wacheza mpira na mashabiki wao kutoka Buliisa ilipinduka katika Ziwa Albert, na waliokufa wengi walikuwa vijana wenye mapafu na mapaja ya michezo. Tarehe 24 Novemba 2018 chombo cha starehe kiitwacho MV Templar kilizama Ziwa Viktoria karibu na ufuo wa Mukono, zaidi ya watu 30 wakafa. Katika misiba yote miwili jaketi la kuelea lingefanya kazi kubwa kuliko masomo, na mtu asiniletee kuogelea badala ya jaketi. Avae jaketi kwanza, kisha ajifunze, kwa sababu mtu asiyejua maji hata akivaa jaketi huvuta maji mdomoni kwa kupaparika.

Nimesikia hoja ya wavuvi wengine kwamba ajuaye kuogelea hufa mapema, kwani hujiamini akaacha chombo chake. Hoja hiyo ina kweli ndani yake, na namheshimu aliyeitoa. Mtumbwi wa mbao hauzami kabisa hata ukipinduka, na anayeuacha ili aogelee hadi nchi kavu, kwa kujidai, huenda akaishia njiani. Lakini hoja hii yashutumu mafunzo mabaya, yale yanayomfundisha mtu kwenda mbali kabla ya kumfundisha kukaa.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kamati za mialo ya Kasenyi, Hamukungu na Kahendero ni hili: katikati ya juma, mahoteli yanapokosa wageni na mabwawa yamelala, wazee wa kamati wakazungumze na wenye mabwawa wapate bei ya kundi, wachange, waje wavuvi wachache kwa zamu, watu wazima pamoja na watu wazima, pasiwepo mtoto wa kuwatazama. Miongoni mwao hawatakosekana wawili watatu waliowahi kujifunza zamani, na hao ndio wawe wasaidizi wa mwalimu, maana aliyesahau akakumbuka huijua njia ya kukumbuka. Watu wa Bwera, ambao bwawa liko mbali nao, wataona nauli ni mzigo. Nakiri ni mzigo, na sina la kuwapunguzia.

Mwalimu akichaguliwa, asitazamwe vikombe vyake vya mashindano. Aulizwe somo lake la mwisho ni lipi. Aliye mzuri atajibu kuwa, mwanafunzi akisha kupata pumzi, na akisha kulala chali kwa raha, humwambia siku moja aje na shati la mikono mirefu na suruali kuukuu, aingie majini navyo, ajigeuze mgongoni, atulie, kisha aelekee polepole kwenye kitu kinachoelea na kukishika bila ya kujaribu kukipanda. Mvuvi haanguki ziwani amevaa bukta. Na mwenye hoteli aombwe ruhusa mapema juu ya nguo hizo, ziwe zimefuliwa, kwani hapendi kuona shati la kazi katika maji yake.